Tumbusi Wakiisha, Anayelipa ni Nani?

Mwaka 2024 wachumi wawili, Eyal Frank wa Chuo Kikuu cha Chicago na Anant Sudarshan wa Chuo Kikuu cha Warwick, walichapisha katika jarida la American Economic Review utafiti unaostahili kusomwa katika kila ofisi inayosajili dawa. Walikadiria kwamba kuangamia kwa tumbusi, ndege ambao wengine huwaita tai wa mizoga, kulisababisha nchini India vifo vya ziada vya watu wapatao 100,000 kila mwaka kati ya 2000 na 2005. Jumla yake ni karibu watu nusu milioni. Chanzo cha mkasa huo wote kilikuwa sindano ya kutuliza maumivu ya ng'ombe.

Makala haya yanauliza swali linalotuhusu hata sisi tulio mbali na India: je, dawa ya mifugo au kiuatilifu cha shambani kiruhusiwe sokoni kabla hatujajua kinafanya nini baada ya kutoka kwa mnyama au mmea uliokusudiwa? Jibu langu ni hapana. Lakini jibu hilo lina gharama zake, na gharama hizo zinafaa kupimwa kwa haki.

Tuanze na yaliyotokea. Diklofenaki ni dawa ambayo watu wengi wameimeza kwa ajili ya mgongo au magoti. Katika miaka ya 1990 hataza yake ilikwisha, viwanda vingi vikaanza kuitengeneza, bei ikashuka, na wafugaji wa India wakaanza kuwachoma ng'ombe na nyati wao waliochechemea au kuvimba viwele. Mnyama alipata nafuu kweli. Ila yule aliyekufa muda mfupi baada ya sindano alikufa na dawa mwilini. Kwa kuwa Wahindu wengi hawali nyama ya ng'ombe, mzoga uliburutwa hadi jalala la nje ya kijiji, ukachunwa ngozi, kisha ukaachiwa tumbusi, ambao kundi lao liliweza kuumaliza kwa muda mfupi na kubakiza mifupa mitupu.

Tumbusi aliyekula nyama hiyo alikufa ndani ya siku chache. Figo zake zilishindwa kufanya kazi, na asidi ya yuriki ikaganda kama chokaa nyeupe juu ya moyo na ini. Ni jongo, lakini jongo la viungo vya ndani. Mtafiti Vibhu Prakash aliona ndege wakipungua kwa kasi katika Hifadhi ya Keoladeo, Rajasthan, mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa muda wengi walidhani ni virusi. Hatimaye mwaka 2004 timu ya Lindsay Oaks, iliyofanya kazi Pakistan, ilieleza katika jarida la Nature kwamba muuaji ni diklofenaki. Kufikia mwaka 2007 tumbusi wa mgongo mweupe wa India walikuwa wamepungua kwa asilimia 99.9 tangu 1992.

Hesabu moja katika kisa hiki inapaswa kumkosesha usingizi kila msajili wa dawa. Rhys Green na wenzake walionyesha kwamba iwapo chini ya mzoga mmoja katika kila mia una kiwango cha dawa kinachoua, hiyo inatosha kueleza maangamizi yote. Makumi ya tumbusi hula mzoga mmoja, na kila ndege hula mizoga mingi kwa mwaka. Isitoshe, jike hutaga yai moja tu kwa msimu, na kinda huchukua takriban miaka mitano kabla ya kuanza kuzaa. Dawa ambayo karibu mizoga yote haina ilitosha kufuta ndege waliokuwa wakihesabiwa kwa mamilioni. Yeyote ambaye angepima nyama chache sokoni angesema kwa dhati kwamba hakuona tatizo. Wahenga walikwisha kutuonya: mdharau mwiba, mguu huota tende.

Vifo vya watu vilikujaje? Mizoga iliyokuwa ikimalizwa na tumbusi ilianza kuozea majalalani na kutupwa mitoni. Mbwa koko walipata chakula, wakazaliana, na kichaa cha mbwa kikapata njia. Frank na Sudarshan walizilinganisha wilaya zenye mazingira yanayowafaa tumbusi na zile ambazo hazikuwahi kuwa na tumbusi wengi. Kabla ya dawa kushuka bei, vifo katika makundi hayo mawili vilikwenda sambamba. Baada ya hapo, vifo katika wilaya za tumbusi vilipanda kwa zaidi ya asilimia 4. Waliangalia pia mauzo ya chanjo ya kichaa cha mbwa, idadi ya mbwa na usafi wa maji, na dalili zote zikaelekea upande uleule.

Ni haki kuuliza kama hesabu hii ni imara. Hakuna aliyefanya jaribio. Hakuna anayeweza kuangamiza tumbusi wa wilaya moja na kuwaacha wa jirani ili aone nani atakufa. Makadirio kama haya hutegemea dhana kwamba hakuna jambo jingine lililozikumba wilaya za tumbusi peke yake wakati uleule. Anayetaka kuipunguza namba ya 100,000 ana nafasi ya kujenga hoja. Hata hivyo, ukiikata nusu, kisha nusu tena, bado unabaki na msiba ambao hakuna kiwanda, daktari wa mifugo wala waziri aliyeutabiri.

Tena India haiko peke yake. Mwaka huohuo wa 2024 Frank alichapisha katika jarida la Science uchunguzi kuhusu popo wa Marekani, ambao tangu 2006 wamekuwa wakiuawa na ugonjwa wa kuvu unaoacha utando mweupe puani. Popo hula wadudu wanaoshambulia mazao. Katika kaunti zilizopoteza popo wakulima waliongeza viuatilifu vya wadudu kwa takriban asilimia 31, na vifo vya watoto wachanga, ukiondoa vya ajali na mauaji, vikapanda kwa karibu asilimia 8. Mnyama ni mwingine, nchi ni nyingine, chanzo ni kingine. Lakini katika visa vyote viwili kazi iliyofanywa bure na mnyama asiyethaminiwa ilipokoma, bili ililetwa kwenye wodi ya hospitali.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2012 Darcy Ogada na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Laikipia, Kenya, wakitumia mizoga ya mbuzi. Pale tumbusi walipokosekana, mzoga ulichukua karibu mara tatu ya muda wa kawaida kuisha, na wanyama wengine kama fisi na mbweha waliongezeka hadi mara tatu, wakikaa pale muda mrefu zaidi na kukutana zaidi wao kwa wao. Utafiti huo haukuhesabu vifo vya watu. Ulichoonyesha ni kwamba hatua ya kwanza ya mnyororo ule wa India, yaani mzoga kukaa na wabeba magonjwa kukusanyika, hutokea hata katika nyanda zetu.

Na tumbusi wetu wanakwisha. Uchambuzi wa Ogada na wenzake uliochapishwa mwaka 2016 uligundua kwamba kati ya aina nane za tumbusi wa Afrika zilizochunguzwa, saba zimepungua kwa kasi ya asilimia 80 au zaidi katika vizazi vitatu. Katika vifo vilivyoripotiwa, asilimia 61 vilitokana na sumu. Huku kwetu sumu hiyo mara nyingi hukusudiwa wengine. Simba akivunja boma usiku na kuua ng'ombe, mfugaji mwenye hasira hunyunyiza kabofurani, kiuatilifu cha shambani kinachojulikana kwa jina la Furadan, juu ya mzoga ili simba akirudi afe. Tumbusi hufika kabla ya simba. Majangili nao hutia sumu mizoga ya tembo makusudi, kwa sababu tumbusi wanaozunguka angani huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali pa uhalifu. Mwaka 2019 tumbusi zaidi ya 500 walikufa kwa njia hiyo nchini Botswana.

Diklofenaki yenyewe si jambo la mbali. Mwaka 2007 iliripotiwa kuuzwa kwa ajili ya mifugo nchini Tanzania. Majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini yameonyesha kwamba tumbusi wa Afrika hufa kwa dawa hiyo kama wenzao wa Asia. Wafugaji wetu wengi huwala ng'ombe wao, kwa hiyo mizoga inayoachwa porini ni michache kuliko India. Hiyo ni afueni, lakini kumbuka ile hesabu ya mzoga mmoja katika mia.

Kwa nini mfumo wa usajili unaliacha pengo hili wazi? Kwa sababu maswali yamegawanywa kwa ofisi. Tanzania, dawa za mifugo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Viuatilifu viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Wanyamapori wana taasisi zao. Kichaa cha mbwa kinahesabiwa hospitalini. Kila ofisi inaweza kutimiza wajibu wake kikamilifu na bado msiba ukapita katikati yao. Sheria za dawa za mifugo tayari zinataka ijulikane dawa inabaki siku ngapi katika nyama na maziwa, ndiyo maana mfugaji huambiwa asubiri kabla ya kuchinja au kuuza maziwa. Swali la mabaki ya dawa limekwisha kuulizwa, ila limeulizwa kwa ajili ya mlaji mmoja tu, binadamu. Mnyama anayekufa kabla ya siku hizo kutimia hana safu katika fomu.

Wapo wanaopinga kuongeza vipimo, na hoja zao zina uzito. Wanasema vipimo ni ghali, vitachelewesha dawa, na mfugaji maskini ndiye atakayeumia akikosa dawa ya bei nafuu kwa ajili ya ng'ombe ambaye ni ada ya shule na akiba ya familia. Mtu anayetetea ndege huku akimsahau mfugaji hastahili kusikilizwa. Lakini katika suala hili uchaguzi si kati ya dawa na kutokuwa na dawa. Tangu 2006 inajulikana kwamba meloksikamu hutuliza maumivu ya ng'ombe bila kuwadhuru tumbusi. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Pretoria, Gerry Swan na Vinny Naidoo, walikuwa miongoni mwa walioipima. Vipimo vya gharama vimekwisha kulipiwa, na matokeo yake ni ya umma. Kinachobaki ni kuyasoma na kuyatumia.

Funzo jingine la India ni kwamba kupiga marufuku dawa moja hakutoshi. India, Nepal na Pakistan zilizuia diklofenaki ya mifugo mwaka 2006. Wauzaji wakageukia chupa kubwa za dawa ya binadamu, hadi mwaka 2015 India ikaagiza zisizidi mililita 3. Wengine wakahamia ketoprofeni, ambayo nayo huua tumbusi, na aseklofenaki, ambayo hugeuka kuwa diklofenaki ndani ya mwili wa ng'ombe. Bangladesh iliizuia ketoprofeni mwaka 2021. India ilizizuia hizo mbili mwaka 2023, miaka 17 baada ya marufuku ya kwanza. Serikali ilikuwa ikiifukuza dawa moja baada ya nyingine, na kila mara ilifika ndege wakiwa wamekwisha kufa.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikubaliane kwa pamoja kwamba dawa yoyote ya kutuliza maumivu ya jamii ya diklofenaki haitasajiliwa kwa mifugo mpaka mwenye kiwanda aonyeshe kuwa mzoga wenye dawa hiyo hauwaui tumbusi, na kwamba diklofenaki, ketoprofeni na aseklofenaki, ambazo madhara yake yanajulikana, zikataliwe sasa. Ni lazima iwe kwa pamoja, kwa sababu tumbusi wa Serengeti hula Maasai Mara, Kenya, siku hiyohiyo, na dawa huvuka mpaka wa Namanga kirahisi kuliko ng'ombe. Kipimo hiki kihusu dawa za kundi hilo tu, ili kisigeuke kikwazo kwa chanjo na dawa nyingine ambazo wafugaji wanazihitaji.

Pili, viuatilifu vinavyotumika kutegea wanyama visiuzwe kama sukari dukani. Muuzaji amwandikishe mnunuzi, na serikali iondoe sababu ya kununua: maboma imara yasiyopenyeka usiku, na fidia inayolipwa mapema simba anapoua. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe watatu na kusubiri fidia kwa miaka hashawishiki na hotuba ya uhifadhi, na simlaumu.

Tatu, vitengo vya Afya Moja, vinavyounganisha afya ya binadamu, mifugo na wanyamapori, kama dawati lililo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu nchini Tanzania, vipewe sauti katika usajili wenyewe, badala ya kuitwa mlipuko ukishatokea. Daktari wa binadamu, wa mifugo na mtaalamu wa wanyamapori wakae meza moja kabla ya dawa kuingia sokoni, na maelewano yao yawe sharti la usajili.

Watasema kwamba hayo ni ya nchi tajiri. Mimi naona kinyume. Hispania, nchi yenye hospitali nyingi na chanjo tele, iliruhusu diklofenaki ya mifugo mwaka 2013, na mwaka 2020 ukapatikana huko mzoga wa tumbusi aliyekufa kwa dawa hiyo. Ikikosea, ina fedha za kuchoma mizoga na kuwatibu walioumwa na mbwa. Kijiji cha Longido au Kajiado hakina tanuri la mizoga, na aliyeumwa na mbwa huenda akasafiri umbali mrefu kuitafuta chanjo. Kwetu tumbusi ndiye idara ya usafi, naye hana mbadala tunayeweza kumlipa. Duniani kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa Asia na Afrika, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Nchi isiyo na fedha za kurekebisha kosa la namna hii ndiyo yenye sababu kubwa zaidi ya kulizuia, na kulizuia kunaanza na safu moja kuongezwa katika fomu ya usajili: mnyama akifa na dawa hii mwilini, nani atamla, na kitampata nini?