AFYA YETU: Fizi Zikitoka Damu, Usiache Mswaki

Je, ukipiga mswaki unaona damu? Watu wengi wakiona damu huogopa. Husema, "Mswaki umeniumiza." Kisha huacha kusugua mahali hapo. Kumbe hapo ndipo panapohitaji kusafishwa zaidi.

Mara nyingi damu hiyo hutokana na ukoga. Ukoga ni utando laini unaonata juu ya meno. Ndani yake mna vijidudu vingi. Vijidudu hivyo hudhuru fizi. Fizi huvimba na kutoka damu upesi. Ukoga ukikaa siku nyingi huwa mgumu kama jiwe. Hapo mswaki hauuondoi tena. Miaka ikipita, mfupa unaoshika jino huliwa. Jino hulegea, hata likang'oka bila kuwa na tundu.

Mwaka 1965 wataalamu wa nchi ya Denmark walieleza jaribio lao. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno. Katika muda wa wiki 3, fizi za wote zilivimba. Walipoanza tena kupiga mswaki, fizi zilipona baada ya wiki moja hivi.

Basi, tufanye nini?

1. Piga mswaki mara 2 kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala. Mswaki wa mti unafaa pia. Tafuna ncha yake mpaka iwe laini.

2. Sugua polepole pale fizi zinapokutana na meno. Usiruke mahali panapotoka damu.

3. Safisha katikati ya meno kwa uzi safi, mwembamba na imara. Upitishe taratibu usije ukakata fizi.

4. Sukutua kwa maji safi baada ya kula. Maji hutoa mabaki ya chakula. Lakini kusukutua tu hakuondoi ukoga, kwa sababu unanata. Wako watu wenye kifaa kinachorusha maji kwa nguvu katikati ya meno. Kifaa hicho hupunguza uvimbe na damu ya fizi. Hata hivyo, nao hawaachi mswaki.

Fizi za mama mjamzito hutoka damu upesi zaidi. Naye asiache kusafisha meno. Damu isipokoma baada ya wiki 2, au jino likilegea, nenda kituo cha afya.

Jino la mtu mzima likishang'oka halioti tena. Anza leo, kabla ya kulala.