LAANA SI HOJA



Wahenga walinena kwamba maneno makali hayavunji mfupa. Walisema kweli, lakini yapo maneno ambayo humfunga kinywa yule yule aliyeyanena.

Tuitazame Iran. Mwaka 1951 taifa lile lilitaifisha mafuta yake, yaliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Kiingereza. Mwaka 1953 Uingereza na Marekani zikala njama, Waziri Mkuu Mossadegh akapinduliwa, na Shah akatawala kwa mabavu hata mwaka 1979. Dhuluma hii si porojo za barazani: mwaka 2013 nyaraka za shirika la ujasusi la Marekani zilikiri kwamba lilikuwa na mkono wake. Hilo ni dai lenye ushahidi, na mshtakiwa hana budi kulijibu.

Lakini Novemba 1979, ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulipotekwa, Ayatollah Khomeini aliipa Marekani jina la "Shetani Mkubwa". Jina likaenea upesi kuliko dai. Watu 52 wakazuiwa siku 444, na macho ya ulimwengu yakaiacha dhuluma ya 1953, yakawatazama mateka.

Twauliza: Shetani hujibu shtaka gani? Shetani hatubu, halipi fidia, wala hafanyi mapatano. Na anayeketi naye huitwa msaliti. Ndiyo maana vita na Iraq vilipoibana Iran, mwaka 1985 na 1986 silaha za Marekani zilinunuliwa kwa siri, huku laana ikiendelea kupigiwa kelele barabarani. Raia walipewa tusi, wakubwa wakapata biashara.

Wala ugonjwa huu si wa wanamapinduzi peke yao. Mwishoni mwa 2001 wajumbe wa Iran walisaidia kupatikana kwa mapatano ya Bonn juu ya serikali mpya ya Afghanistan. Januari 2002 Rais Bush akaitia Iran katika "Mhimili wa Uovu". Waliotaka suluhu mjini Tehran wakafedheheka mbele ya wapinzani wao.

Basi, ndugu, atakapopanda jukwaani mnenaji na kutupa jina la kulichukia taifa fulani, tumwulize: wametenda nini, lini, na ushahidi u wapi? Akijibu, tumsikilize. Akilirudia jina tu, na tujue kwamba anazitaka kelele zetu, haitaki haki yetu.