Mtoto Akisema Basi, Tumsikilize Kwanza

Vijana wenzangu, kuna methali moja imetushika kooni: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Fika Izimbya miezi ya Mei na Juni, timu za shule za msingi zinapojifua kwa ajili ya UMITASHUMTA, utaisikia kila jioni. Mtoto wa darasa la tano anasema amechoka, hataki tena kucheza. Mwalimu anamtupia methali. Anakwenda nyumbani, baba anamtupia ileile. Anakwenda kwa bibi, na bibi naye anaijua. Hana pa kukimbilia. Kesho yake anarudi uwanjani. Miguu inakimbia, roho imebaki kibanjani.

Mimi napinga. Hebu tujiulize: hizo nguo nani alizivua? Mara nyingi si mtoto. Mwalimu wa michezo alipita mstarini asubuhi, akaona mwenye miguu mirefu, akanyoosha kidole: wewe, na wewe, na wewe pale nyuma, jioni mazoezini. Basi, usajili umekwisha. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Sasa mtu aliyevuliwa nguo na mwingine, halafu akasukumwa mtoni, hajifunzi ushupavu jamani. Anajifunza baridi tu.

Na kinachoniudhi zaidi ni hiki: sisi wakubwa ndio mabingwa wa kuacha katikati. Kahawa ikianza kuwa nyekundu, mzee anamtoa kijana wake timuni wiki ya mashindano akachume. Umesikia mtu akimkumbusha mzee huyo habari za maji na nguo? Mama akijifungua, binti anaondolewa kwenye netiboli akabebe mtoto. Mtihani wa Septemba ukinukia, mwalimu mkuu mwenyewe anafuta mazoezi ya darasa la saba. Nauli ya kwenda kucheza mjini isipopatikana, safari inakufa na hakuna anayewaomba watoto radhi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wizara ya Elimu ilisimamisha UMITASHUMTA na UMISSETA nchi nzima, ikaja kuzirudisha baada ya miaka kadhaa. Watoto waliokuwa wakiota kufika taifa waliambiwa ndoto imeahirishwa, warudi darasani.

Sisemi sababu hizo zote ni mbaya. Nyingine ni nzuri kabisa. Mwaka 1976 Tanzania iligoma kwenda Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na Makaburu na bado nchi hiyo ikaruhusiwa kushiriki. Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, akabaki bila mbio. Tuliita uoga? La hasha, tuliita msimamo, na mimi naunga mkono mpaka leo. Ninachosema ni kwamba mkubwa akiacha, tunatazama sababu yake. Mtoto akiacha, tunatazama kuacha kwake tu, sababu hatuna haja nayo. Huo ni uonevu, hata kama tumeuvika kanzu ya malezi.

Hapo ndipo wazee wetu humtoa Akhwari mfukoni. Bwana mdogo, unamjua John Stephen Akhwari wewe? Tunamjua. Tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City, alianguka katikati ya marathoni, goti likateguka, likafungwa bendeji, akachechemea mpaka uwanjani na kumaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Ni shujaa wetu, na simpunguzii hata chembe.

Lakini hadithi ile ina nusu ya pili ambayo hatusimuliwi. Walioanza mbio zile walikuwa 75. Waliomaliza ni 57. Watu 18 waliacha njiani, na mmoja wao alikuwa Abebe Bikila, bingwa wa Roma mwaka 1960 na wa Tokyo mwaka 1964, mtu aliyewafungulia Waafrika mlango wa mbio ndefu. Mguu wake ulikuwa mbovu, akatoka kabla ya kufika nusu ya safari. Kuna anayemwita Bikila mwoga? Hayupo. Barabara ile ile, siku ile ile, mmoja aliendelea na mwingine akasimama, na Afrika inawaheshimu wote wawili. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja alikuwa mtu mzima aliyeusikiliza mguu wake mwenyewe, akaamua mwenyewe. Akhwari hakusukumwa kwa fimbo. Tukimchukua yeye tukamfanya fimbo ya kumchapia mtoto wa miaka 11, tunamkosea Akhwari kwanza, kabla ya mtoto.

Tukubaliane basi kwamba neno "sitaki" ni kifuniko cha chungu. Kazi ya mzazi ni kufunua aone kinachochemka. Kuna goti linalouma ambalo mtoto analificha asiitwe legelege. Kuna njaa: katoka nyumbani alfajiri, hajatia kitu tumboni, na saa kumi jioni anatakiwa azunguke uwanja mara kumi. Kuna giza: mazoezi yakichelewa, binti anapita migombani peke yake. Kuna binti aliyeanza kuingia mwezini, hana cha kujihifadhi, na mbele yake kuna sketi fupi ya timu. Kuna matusi ya ukingoni, yanayoanza na "mguu wa mbao we" na kuishia kwa mama yake. Na kuna lile tusilopenda kulitaja: mtu mzima anayemwambia mtoto mmoja abaki kidogo wenzake wakishaondoka. Huyo ukimrudisha uwanjani kwa methali, umemrudisha wapi? Jibu unalo.

Na sheria haiko upande wa methali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Kusikilizwa, wala si kutii tu. Kuhusu fimbo, kanuni za mwaka 2002 zinataja makosa makubwa ya nidhamu, viboko visizidi vinne, tena viandikwe kitabuni. Mimi fimbo siipendi hata hiyo yenye kitabu. Ila anayemchapa mtoto kwa kukosa mazoezi ya netiboli atuonyeshe ameandika nini kwenye safu ya kosa. Kachoka?

Sasa nasikia mtu anauliza: na wenzake je? Hoja hii ni nzito, siikwepi. Netiboli ni watu saba. Katika shule yenye wasichana wachache, anayecheza senta akiondoka wiki ya mashindano ya kata, wale sita wanabaki yatima. Walipiga jaramba naye, walimpasia, walimtegemea. Deni lipo. Mtoto ambaye hajui kwamba ana deni kwa wenzake hatujamlea bado.

Lakini deni la mtoto lina kipimo chake. Timu inayokufa kwa kuondoka kwa mtoto mmoja haikuuawa na mtoto huyo. Ilikuwa imekwisha kufa siku mwalimu alipoamua kufundisha saba tu na kuwaacha wengine waokote mipira. Mwaka 2021 kule Tokyo, Simone Biles wa Marekani, mwanamichezo mkubwa kuliko wote katika mazoezi ya viungo, alijitoa katikati ya fainali ya timu baada ya kuona mwili haumtii akiwa hewani, jambo ambalo lingeweza kumvunja shingo. Wenzake watatu waliendelea, wakarudi na medali ya fedha. Timu ilipungua, haikufa. Na yeye yuko hai, na mwaka 2024 akarudi Olimpiki ya Paris kutwaa dhahabu. Angelazimishwa siku ile, huenda tungekuwa tunazungumza habari za kiti cha magurudumu.

Kwa hiyo basi, tufanyeje? Napendekeza hivi. Msimu wa watoto wetu si ligi ya miezi na miezi kama ile ya Simba na Yanga. UMITASHUMTA ni ngazi: shule, kata, wilaya, mkoa, taifa. Kila kipandio kina mlango wake. Mtoto ambaye sababu yake ni uchovu, au benchi, au kufungwa mabao sita na watoto wa jirani, tumwambie kwa upole: mwanangu, maliza kipandio hiki, mechi mbili zilizobaki, kisha utoke mlangoni kwa heshima zako. Huko si kumfunga kamba, ni kumfundisha kuaga. Lakini mtoto ambaye sababu yake ni maumivu, au hofu, au mkono wa mtu mzima usiotulia, huyo anatoka leo. Mechi ya kesho isubiri, na kama haiwezi kusubiri, ifutwe. Kombe la kata halijawahi kuponya goti la mtu.

Na namna ya kuuliza pia ni kazi. Tunauliza kama mgambo. Mtoto anasema, "Tata, mpira basi," na kabla hajafunga mdomo keshaambiwa yeye ni mvivu kama wajomba zake. Muulize hivi: "Tangu lini, mwanangu?" Akijibu, muulize: "Kulitokea nini?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, najua. Mzee wa Kihaya aliyekaa kwenye kibanja chake kumngojea mtoto apate maneno, ni mtihani. Ila kahawa anaingojea miezi, hata ndizi anazingojea zikomae. Mtoto naye hawezi kungojewa dakika tano?

Akishaamua kuacha, na sababu imesikika, basi aache kiume na kike, yaani kwa mdomo wake. Aende kwa wenzake mwenyewe, asimtume mdogo wake. Aseme: naondoka, sababu hii, au hata aseme sababu siwezi kuisema lakini naondoka. Jezi airudishe imefuliwa. Kama mwili unamruhusu, amwelekeze anayeshika nafasi yake. Siku ya mechi, akijisikia, aje ukingoni ashangilie. Nawaambieni, mtoto wa miaka 11 anayeweza kusimama mbele ya wenzake kumi na kuaga hivyo ana ujasiri kuliko yule anayecheza akijificha chozi.

Watasema tutakuza kizazi cha wanaoacha-acha kila kitu. Mimi naogopa kizazi kingine. Naogopa binti aliyefundishwa tangu darasa la tano kwamba ukishaingia hutoki, hata kama unaumia, hata kama unashikwashikwa. Binti huyo atakua. Ataajiriwa na bosi wa hovyo, hatatoka. Ataolewa na mume wa ngumi, hatatoka, na tutakaa msibani tukijiuliza kwa nini hakusema. Alisema. Alisema akiwa darasa la tano, pale kwenye uwanja wa shule wenye mteremko, na tukamtupia methali.

Ndugu msomaji, wewe ni kaka wa mtu au dada wa mtu, na pengine mwakani utapewa ajira ya ualimu, kisha mwalimu mkuu atakukabidhi filimbi na mpira mmoja wenye kiraka. Siku hiyo mtoto atakuja kwako kabla ya mazoezi, atachora chini kwa kidole cha mguu, atasema mwalimu mimi basi. Umuulize tangu lini. Mechi itachezwa tu, na waliobaki.

Naomba kutoa hoja.