Bei ya IST na Pato la Taifa: barua ya wazi kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali

Ndugu Mtakwimu Mkuu,

Kila mnapotangaza ukuaji wa Pato la Taifa, vijiweni huulizwa lile lile: linakua wapi, mbona mfukoni halionekani? Hilo nawaachia wanasiasa. Mimi nina swali dogo zaidi: mtu akitoa pesa yake dukani, kiasi gani cha pesa hiyo kinaingia katika hesabu zenu?

Tuseme mteja amenunua gari aina ya IST iliyotumika Japani kwa shilingi milioni 16, kwenye yadi ya Dar es Salaam. Wengi watadhani taifa limezalisha milioni 16. Sivyo. Alicholipwa muuzaji wa Japani, pamoja na nauli ya meli ya kigeni, mnakiandika kwenye matumizi ya kaya, kisha mnakiondoa kama bidhaa zilizoagizwa kutoka nje. Hakibaki kitu. Kinachobaki ni cha hapa: kazi ya bandari, ya wakala wa forodha, na ya mwenye yadi baada ya kutoa gharama zake. Halafu kuna kodi, na hapa ndipo wasomi wenzangu hubisha. Ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 18, vyote vimo ndani ya bei ya mnunuzi, na vyote vinaingia katika Pato la Taifa kwa bei za soko. Vina mstari wao wenyewe, kodi za bidhaa. Havihesabiwi kwa kilimo, viwanda wala biashara. Mnunuzi analalamika kakamuliwa, jedwali linaandika pato.

IST hiyo hiyo ikinunuliwa na dereva wa teksi, inahama fungu: si matumizi tena, ni uwekezaji. Petroli anayochoma inakatwa kwenye nauli anazopokea ndipo ijulikane ameongeza thamani gani. Siku akimuuzia jirani, bei wanayopatana haiongezi kitu, isipokuwa chake dalali. Na springi ikikatika kwenye shimo la barabara, ujira wa fundi unahesabiwa. (Shimo lenyewe sijaliona kwenye jedwali lolote.)

Kanuni hizi si zenu peke yenu, zinatoka kwenye Mfumo wa Hesabu za Taifa wa Umoja wa Mataifa, na nyingi zina mantiki: bila kukata gharama za kati, mahindi yangehesabiwa shambani, mashineni, dukani na tena kwenye sahani ya mama lishe. Lakini mfumo huo huo unasema kuni alizookota mama porini na maji aliyochota kisimani ni uzalishaji, hata kama hakuuza. Akishawasha moto na kuinjika ugali wa wanawe, uzalishaji umekoma. Ugali wa mama lishe umo, wa nyumbani haumo. Mpaka huo siukubali, na nadhani nchi ambayo wanawake wake wanapika kwa kuni inastahili kuelezwa waziwazi kwamba mpaka huo upo.

Mwaka 2019 mlipohamisha mwaka wa kizio, ule ambao bei zake ndizo kipimo, kutoka 2007 kwenda 2015, wengi wetu tulisikia namba tu. Ombi langu, basi, halihitaji bajeti kubwa. Kila mnapotoa Pato la Taifa la robo mwaka, ongezeni ukurasa mmoja wa Kiswahili unaofuata bidhaa moja tangu kwa mzalishaji hadi mkononi mwa mnunuzi: kipi kimekatwa, kipi kimeongezwa, kipi kimekwenda nje, kipi ni kodi. Robo ya kwanza iwe robota la mitumba, ya pili kilo ya sembe. Na mara moja kwa mwaka, kando ya jedwali rasmi, tuwekeeni makadirio ya kazi za nyumbani zisizolipwa, hata kama hayaruhusiwi kujumlishwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mlipa kodi, Dar es Salaam