Tubadilishe gurudumu, tusichome chukudu



Ninaomba nafasi kidogo katika gazeti letu kwa ajili ya neno moja linalonichoma rohoni. Neno hilo ni chumba chetu cha informatiki. Habari inayozunguka uwanjani mmeisikia wote: komite ya wazazi itakutana mbele ya mwisho wa muhula, na wengine wanataka ordinateri zetu 12 ziuzwe kama vyuma, zinunuliwe mpya, na kila mzazi aongeze kitu juu ya minervali. Mimi ninapinga. Maendeleo ninayataka kama ninyi. Lakini tutalipaje namna hiyo kwa ugonjwa ambao dawa yake iko sokoni hapa hapa Butembo?

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Saa moja ya somo ni dakika 50. Siku moja nilikaa na saa mkononi. Kutoka kubonyeza mpaka mashini kuwa tayari: dakika 6. Kufungua programu ya kuandika: karibu dakika 2. Kuran ikikatika katikati, tunaanza upya. Na tuko watatu kwa kila mashini! Mtoto wa mwaka wa kwanza aliniuliza: "Kapita, hii mashini iko nalala ao iko nakufa?" Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo.

Sasa ninalo. Mashini haifi. Kinachochelewa ni diski yake. Ndani ya diski ya zamani kuna sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 7.200 kwa dakika, na mkono mdogo unaokwenda huku na huku kutafuta habari. Ni kazi ile ile iliyoanza mwaka 1956, kampuni ya IBM ilipotoa diski ya kwanza ya namna hiyo. Kila safari ya ule mkono inachukua karibu sehemu moja ya mia ya sekunde. Utasema ni kidogo. Lakini mashini ikiamka inaomba vipande vidogo maelfu kwa maelfu, na kila kipande kina safari yake.

Diski ya namna mpya, wanayoita SSD, haina sahani wala mkono. Inaweka habari katika memori ya umeme, ile ya ukoo wa flashi, iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka wa Toshiba katika miaka ya 1980. Hapo hakuna kitu cha kuzunguka. Kipande kinapatikana mbele ya sehemu moja ya elfu ya sekunde kwisha.

Tazameni chukudu zinazopita barabarani zikibeba makala na viazi. Gurudumu likiisha, mwenyewe anachoma chukudu? Hapana. Anatafuta kipande cha pine la motokari lililokwisha kazi, anafunga mpira ule juu ya mbao, na kesho yake anateremka mlima. Pine lililotupwa na mwenye gari linalisha familia ya mwenye chukudu.

Ndivyo tulivyofanya. Kwa ruhusa ya mwalimu wa informatiki, tulinunua SSD moja ya okazio, ya GB 240, kwa dola 12. Ilitoka katika ordinateri ya mkono iliyovunjika kioo, kati ya zile zinazopandishwa kutoka Kampala kupitia Kasindi. Tulichomoa waya wa umeme, tukagusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini usiharibu kitu, tukatoa diski ya zamani, tukaweka ile ndogo mahali pake. Upana wake ni kama wa Agano Jipya la mfukoni, lakini ni nyembamba zaidi. Waya ni zile zile mbili. Tuliingiza programu upya, nikashika saa tena: sekunde 28. Programu ya kuandika: sekunde 4. Mashini ni ile ile, prosesa ile ile, memori ile ile ya GB 4.

Lakini kuna jambo ninalopaswa kuungama mbele yenu. Tulipounganisha ile diski mara ya kwanza, mali ya mwenyewe wa zamani ilikuwa bado ndani: picha za arusi, karatasi za safari, barua. Tulikuwa wanne. Tulifungua. Picha moja ilituchekesha, na mimi, kapita wenu, nilicheka pamoja na wengine. Mwenzetu mmoja akasema: "Ngoja niikopie, niwaonyeshe wa internati." Hapo nikakumbuka telefone ya dada yangu iliyoibwa mwaka jana, na namna alivyolia kwa sababu ya picha kuliko kwa sababu ya telefone. Niliona haya. Tulifuta yote, na hakuna aliyekopia kitu. Lakini kuangalia tulikwisha angalia.

Kwa hiyo, kama tutaendelea na kazi hii, na ninaomba tuendelee, tuwe na sheria tatu.

Ya kwanza, kufuta bila kufungua. Na kufuta si kutupa picha katika kapu. SSD inahamisha habari ndani yake yenyewe, kwa hiyo inafaa kutumia ile amri ya diski inayosafisha memori yote mara moja. Mwalimu anaijua.

Ya pili, kupima mbele ya kulipa. Memori ya namna hii inachakaa kwa kuandikwa. Diski yenyewe inatunza hesabu ya saa ilizofanya kazi na kiasi kilichoandikwa, na kuna programu za bure zinazosoma hesabu hiyo. Mwuzaji akikataa tupime, tumwage salamu, tuende kwa mwingine.

Ya tatu, kutunza nakala mbili za kila kitu cha maana. Diski ya okazio inaweza kufa ghafula bila hata kupiga kelele, na kukatika kwa kuran hakuifai nayo. Onduleri bado inahitajika.

Sidanganyi kwamba dawa hii inaponya yote. Msaada wa bure wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, na mashini zetu ni za zamani mno kwa Windows 11. Lakini Linux Mint ni ya bure, na inakubali mashini kama zetu.

Basi tufanye hesabu. Mashini zilizobaki ni 11. Mara dola 12, ni dola 132. Tukiongeza diski mbili za akiba, ni 156. Wagawe wazazi wote wa masomo haya, muone kila mmoja anabakiwa na nini.

Kwa nini ninasema kwa nguvu hivi? Kwa sababu tangu mwezi wa sita 2024, vita ilipoingia Kanyabayonga, tuko na wenzetu waliofika hapa na nguo walizovaa tu. Mmoja anakaa nami kwenye banki moja. Minervali ikipanda, yeye ndiye atakayerudishwa nyumbani wa kwanza. Mtoto aliyefukuzwa kwa minervali haoni ordinateri, iwe mpya ao ya zamani.

Ninamwomba Bwana Prefe atupe Jumamosi nne. Sisi wa darasa la mwisho tutafanya kazi pamoja na wadogo wa darasa la tano, mbele ya kuingia katika ekzame ya Leta. Sisi tunaondoka. Wao wabaki na ufundi mkononi.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho