Bahari Haina Mizani

Nenda Coco Beach jijini Dar es Salaam siku ya pili ya Idi, au alasiri ya Jumatatu ya Pasaka, utazame jambo moja tu: nani yuko majini na nani amebaki mchangani. Majini utawaona watoto, vijana wa kiume waliovua mashati, na wasichana wembamba wanaopigana picha. Mchangani, juu ya mikeka na kanga, utawaona walinzi wa mizigo, waliokabidhiwa viatu, simu na nguo za watu wengine. Wengi wao ni wanawake, na wengi wa wanawake hao ni wanene. Ukiwauliza kwa nini hawaingii, watakujibu kwamba leo hawajisikii, kwamba maji ni ya baridi, kwamba lazima abaki mtu wa kuangalia vitu. Kila sikukuu wanabaki walewale.

Tusijidanganye kwamba hiyo ni hiari yao. Ni marufuku. Haikutangazwa katika Gazeti la Serikali, haina kifungu wala adhabu iliyoandikwa, lakini inatekelezwa kwa ukamilifu ambao sheria ndogo nyingi za halmashauri zetu hazijawahi kuufikia. Watekelezaji wake ni macho, vicheko na, siku hizi, kamera za simu. Tumezoea kuizungumza aibu ya mtu mnene mbele ya maji kana kwamba ni ugonjwa wake wa moyoni, anaopaswa kuutibu mwenyewe kwa kujiamini. Mimi nasema ni dhuluma ya umma, na wajibu wa kuiondoa ni wa umma kwanza.

Tuanze na unafiki wetu. Katika jamii zetu nyingi unene haujawahi kuwa laana. Bibi harusi aliyejaa husifiwa kuwa amenawiri, na mume ambaye mkewe amekonda baada ya ndoa huulizwa na wakwe anamlisha nini. Kitambi cha bosi hupishwa njia katika korido za wizara. Mtu akirudi kutoka masomoni akiwa ameongezeka, tunampongeza kwamba maisha yamemkubali. Mwili huohuo ukivuka mstari wa mchanga ukiwa na vazi la kuogelea, unaitwa kiboko, nyangumi, tipwatipwa. Haukubadilika chochote baina ya barabara na bahari. Umeacha tu kuwa pambo la heshima ya wengine, ukadai raha yake wenyewe. Hilo ndilo tusilomsamehe mtu mnene: kucheza.

Kejeli hii haijui mipaka ya nchi, na haimwachi hata aliyefika kwenye kilele cha mchezo wenyewe. Agosti 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, muogeleaji wa Ethiopia Robel Kiros Habte alishiriki mchujo wa mita 100 mtindo huru. Alimaliza wa mwisho, kwa dakika 1 na sekunde 4.95. Hakuwa na tumbo bapa kama la wenzake, na kabla hajakauka maji mitandao ya kijamii ilikwisha kumpa jina la nyangumi. Yalikuwapo maswali halali ya kuulizwa. Baba yake ndiye aliyekuwa akiongoza shirikisho la kuogelea la nchi hiyo, na Waethiopia wengi walihoji, kwa haki, uteuzi wake ulifanyikaje. Hilo ni swali la utawala bora, na mahali pake ni mezani mwa viongozi wa michezo. Lakini dunia haikuucheka uteuzi, ililicheka tumbo. Katika umati ule uliocheka, jiulize ni wangapi wangeweza kuogelea mita 100 kwa sekunde 65, au kuzimaliza tu bila kuvutwa na mwokozi.

Wapo wasiocheka. Hawa huja na sauti ya upole na kusema: apunguze kwanza, halafu ataogelea. Ushauri huu umevaa koti jeupe la daktari, kwa hiyo unastahili kujibiwa kwa hoja. Sikanushi kwamba unene uliokithiri unaongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Wala hili si jambo la watu wachache: utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Basi tuifuate hoja hiyo mpaka mwisho wake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mtu mwenye uzito mkubwa akikimbia barabarani, kila hatua inatua juu ya magoti na vifundo vya miguu yake. Akisimama katika maji yanayofika kiunoni, karibu nusu ya uzito wake hubebwa na maji. Yakifika kifuani, miguu yake inabaki na kama theluthi moja tu ya mzigo. Hapohapo maji huikinza mikono na miguu yake, yakaifanyisha misuli kazi bila kuvitesa viungo. Pengine hakuna mahali duniani palipo na upole kwa mwili mzito kama majini, na ndipo hasa tulipomfungia mlango. Kumwambia mtu apunguze ndipo aingie majini ni sawa na kumwambia mgonjwa apone ndipo aje hospitali.

Maumbile yenyewe yanatupinga. Mafuta ya mwili ni mepesi kuliko maji, ilhali misuli na mifupa ni mizito kuliko maji. Kwa hiyo mtu mnene huelea kwa urahisi kuliko kijana aliyejaa misuli anayemcheka kutoka ukingoni. Mmarekani Lynne Cox alilithibitisha hili mbele ya dunia. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 15, alivuka kwa kuogelea bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa na kuvunja rekodi ya wakati huo. Agosti 1987 aliogelea katika Mlango wa Bering, kutoka kisiwa cha Marekani cha Little Diomede hadi kisiwa cha Kisovieti cha Big Diomede, kwa takriban saa 2 katika maji ya baridi kali, bila vazi la kuzuia baridi. Hakuwa na umbo la wanamitindo wa majarida. Alikuwa na mwili mnene, na tabaka lake la mafuta lilikuwa sehemu ya uwezo wake wa kuelea na kustahimili baridi ile. Desemba ya mwaka huo, Mikhail Gorbachev alipokwenda Washington kutia saini mkataba wa makombora, alimtaja kwa sifa mwanamke huyo. Naona si vibaya tukiwasimulia hadithi hiyo mabinti zetu wanaoambiwa kwamba maji si ya kwao.

Nani basi ananufaika na aibu hii? Mwaka 2015 kampuni ya Protein World ilibandika katika vituo vya treni za chini ya ardhi za London tangazo la mwanamke mwembamba aliyevaa bikini, pamoja na swali kwa abiria: je, mwili wako uko tayari kwa ufukwe? Makumi ya maelfu ya watu walitia saini kulipinga, na Juni 2016 meya mpya wa jiji hilo, Sadiq Khan, alitangaza kwamba vyombo vya usafiri wa umma havitapokea tena matangazo ya kuwaaibisha watu kwa miili yao. Uongo wa swali lile ulikuwa katika dhana yake: kwamba ufukwe una mtihani wa kuingilia, na mtahini ni muuza unga wa kukondesha. Sisi hatukuhitaji treni ya chini ya ardhi ili uongo huo utufikie. Umefika kwa njia ya simu, pamoja na chai za kukata tumbo, mikanda ya kubana kiuno na vidonge vya kuyeyusha mafuta visivyoeleza vimetengenezwa na nini. Biashara hiyo ina sharti moja: mteja ajichukie kwanza. Kila anayemcheka mtu mnene ufukweni anamfanyia muuzaji huyo kazi bila mshahara.

Mtu anaweza kusema kwamba nayakuza mambo, kwamba kuogelea ni starehe tu. Katika nchi nyingine pengine ni starehe. Sisi tunaishi kati ya Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika, Ziwa Nyasa na Bahari ya Hindi. Tuna tarehe zetu: MV Bukoba, Mei 1996, MV Spice Islander, Septemba 2011, MV Skagit, Julai 2012, MV Nyerere, Septemba 2018. Sitaki nieleweke vibaya. Vyombo vinapopakia kupita uwezo wake, wa kulaumiwa ni waliovipakia na waliowaruhusu, na kuwageuzia marehemu lawama kwamba hawakujua kuogelea ni dhuluma juu ya msiba. Lakini watu hawafi katika meli kubwa tu. Wanakufa katika mitumbwi, mabwawa, mito iliyofurika na visima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 duniani walikufa kwa kuzama. Mama aliyebaki mkekani miaka ishirini hajui kuelea, hawezi kumfundisha mwanawe kuelea, wala hawezi kumfuata anapoteleza kwenye kina. Kicheko chetu kinarithiwa.

Nageukia sasa pingamizi la stara, ambalo naliheshimu kwa sababu wengi wanaolitoa wanalitoa kwa imani. Stara inamtaka mtu ajifunike. Haimtaki ajifiche. Tofauti hiyo imeonyeshwa kwa vitendo huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi marefu yanayofunika mwili, na picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zikapata tuzo katika mashindano ya World Press Photo mwaka 2018. Mwanamke mnene mwenye kutaka stara ana njia, ila wakati mwingine tunamzibia kwa kanuni. Bwawa linalokataza nguo za pamba lina sababu, kwa kuwa nyuzi zake huchafua maji na kuziba chujio. Bwawa linalokataza vazi refu la nailoni lililoshonwa kwa ajili ya kuogelea halina sababu ya usafi. Linalinda mandhari ya picha zake tu.

Kwa hiyo nadai mambo manne. La kwanza ni simu. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi. Haki hiyo haivuliwi pamoja na viatu. Kila bwawa na kila ufukwe unaosimamiwa uwe na katazo la wazi la kumpiga picha mtu asiyeridhia, na wasimamizi walitekeleze kwa bidii ileile wanayoitumia kukagua vyakula vilivyofichwa mikobani. La pili ni majengo. Ngazi nyembamba ya bomba iliyosimama wima ukingoni mwa bwawa inamfukuza mtu mzito, mzee na mwenye magoti mabovu kabla hajatamka neno. Vidato vipana vyenye mhimili wa kushika vinawahudumia wote. Maofisa mipango wanaosoma hapa wanajua kwamba ni suala la mchoro, na kwamba chumba cha kubadilishia nguo chenye mlango unaofungika si anasa. La tatu ni elimu. Vyuo na taasisi zenye mabwawa zitenge saa za watu wazima wanaoanza, pamoja na saa za wanawake pekee, kwa walimu wasiodhani kwamba mwanafunzi wao lazima awe na miaka minane. La nne linatuhusu sote tunaoingia majini bila woga: tukae zamu yetu kwenye mkeka. Aliyekulinda viatu mwaka jana mpokee vyake mwaka huu, na simu yako ibaki mfukoni.

Wanafunzi na wanaharakati nina neno nao la ziada. Mnakemea ubaguzi wa rangi, wa jinsia na wa kabila, nanyi mnafanya vema. Kisha katika makundi yenu ya mtandaoni mnasambaza video ya mwanamke mnene aliyeteleza ufukweni, mkiambatanisha nyuso za kucheka machozi. Ukombozi unaosimama pale mwili wa mwenzako unapoanza kukuchekesha haujakomaa.

Na wewe msomaji mnene, ambaye labda umeyasoma haya ukitafuta ruhusa, hakuna wa kukupa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa na mamlaka ya kukunyima. Usisubiri kilo kumi zipungue wala jamii istaarabike. Nenda asubuhi mapema, na mtu unayemwamini. Waulize wenyeji habari za mikondo, na kama maji yanakupwa au yanajaa. Vaa kinachokustiri na kukuacha huru, mradi si kitambaa kinachonywa maji na kukulemea. Ingia mpaka kiunoni, kaa hapo mpaka pumzi itulie, kisha jifunze kulala chali huku mwenzako akikushika mgongo. Utaona jinsi maji yanavyokupokea bila kukuuliza kilo zako. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Watakaocheka watacheka dakika tano, kisha watatafuta kingine cha kucheka. Wewe utakuwa umekwisha kujua kuelea.