Taka si mtaji wa bure: watengeneza zawadi Songea waanze na hesabu

NI nadra siku hizi semina ya biashara ndogondogo kumalizika bila akina mama na vijana kuambiwa kwamba utajiri umelala jalalani. Wanafundishwa kugeuza chupa tupu kuwa vyombo vya maua, vifuniko vya soda kuwa mapazia, magazeti ya zamani kuwa shanga na mabaki ya vitenge kuwa mito ya makochi. Wanapigiwa makofi, wanapewa vyeti na kurudi nyumbani wakiamini kwamba kwa kuwa malighafi ni ya bure, faida ni ya uhakika.

Imani hiyo ndiyo inayomaliza mitaji ya vikundi vingi. Kwa mji kama Songea, ambao uko zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam na haupati watalii kwa wingi kama Arusha au Zanzibar, biashara hii inaweza kulipa, lakini kwa masharti yake. Sharti la kwanza ni kukubali kwamba taka si bure.

Tuchukue mfano wa mfuko wa sokoni unaoshonwa kwa sandarusi ya mbolea na kupambwa kwa mabaki ya kitenge. Tuseme sandarusi tupu inapatikana kwa shilingi 500, uzi, bitana na zipu vinagharimu shilingi 1,500, sabuni na maji shilingi 200, na nauli pamoja na uchakavu wa cherehani shilingi 300. Jumla ni shilingi 2,500. Mfuko ukiuzwa shilingi 5,000, fundi anabaki na shilingi 2,500 kwa kila mfuko, na akishona mitatu kwa siku anaona shilingi 7,500 mbele yake.

Hesabu hiyo ni tamu mpaka ifike sokoni. Iwapo kati ya mifuko mitatu ya siku unauzwa mmoja tu, fundi ameingiza shilingi 5,000 wakati ametumia shilingi 7,500. Amefanya kazi kutwa nzima na amepoteza shilingi 2,500, mbali na jasho lake ambalo hakulitia kwenye hesabu. Mifuko miwili iliyobaki anaiita mali, lakini ni fedha iliyofungwa kabatini. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Wanaopenda kutoa mifano ya mafanikio huitaja Neema Crafts ya Iringa, na wana haki. Karakana hiyo ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliokuwa wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ilikua hadi kuwaajiri watu wengi wenye ulemavu. Hata hivyo, wanaoitaja husahau kueleza kwamba mafanikio hayo hayakuletwa na kinyesi cha tembo peke yake. Karakana ilijenga duka na mgahawa mahali pamoja, katika mji ambao wageni waendao Hifadhi ya Ruaha hupita. Mgeni alikunywa kahawa, akaona kazi ikifanyika, akanunua. Mteja alifuatwa kwanza mahali alipo, ndipo bidhaa ikatafutiwa nafasi.

Hali ni hiyo hiyo kwa jirani zetu. Shanga za karatasi za Kampala zilijulikana duniani baada ya mradi wa BeadforLife, ulioanza mwaka 2004, kuwapata wanunuzi wa Marekani waliouziana majumbani kwao. Nchini Kenya, kandambili zilizookotwa ufukweni zimekuwa zikichongwa sanamu za wanyama na kampuni ya Ocean Sole, kazi iliyochipukia katika visiwa vya Lamu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kote huko kulikuwa na soko la nje lililotafutwa kwa makusudi. Kikundi cha Bombambili au Lizaboni kinachoiga shanga hizo leo kinaingia katika soko ambalo wenzake wameshalikalia kwa miaka ishirini, na bado kina mzigo wa usafiri begani.

Je, Songea haina soko lake? Inalo, ila halifanani na la Arusha. Soko la Songea ni la wakazi wenyewe, na mkazi wa Ruvuma hununua zawadi kwa shughuli: harusi, sendofu, kipaimara, komunyo ya kwanza, mahafali ya shule na Krismasi. Mnunuzi wa namna hii hatafuti kitu kwa sababu kimetokana na taka. Pengine hataki hata kuambiwa. Anataka kitu kinachopendeza, kisicho na aibu mbele ya wageni, na cha bei chini ya zawadi ya dukani. Fundi anayeandika kwenye bidhaa yake kwamba ni ya chupa za jalalani anamwambia mtalii jambo la kuvutia, lakini anamwambia bibi harusi jambo la kuudhi.

Jambo la pili ni msimu. Fedha za Ruvuma hutembea na mazao. Mahindi yakivunwa katikati ya mwaka na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ukaanza kununua, na kahawa ya Mbinga ikaingia sokoni, mji huchangamka. Kuanzia Julai hadi Desemba watu wanaoa, wanasherehekea na wananunua. Kuanzia Januari ada za shule zimechukua akiba, na hadi masika yaishe watu wananunua chakula na si mapambo. Kikundi chenye busara kitakusanya malighafi na kushona miezi ya mvua kwa kiasi kidogo kinacholingana na oda, kisha kitauza baada ya mavuno. Anayekopa Agosti kwa kuona wateja wamejaa, akamaliza kutengeneza Februari, atalipa rejesho kwa kuuza kuku wake.

Hapa ndipo hatari ya mikopo ilipo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisimamishwa Aprili 2023 kutokana na kasoro za usimamizi na kurejeshwa mwaka 2024. Mikopo hiyo haina riba, lakini haina maana kwamba hairudishwi. Kikundi kinachoomba kwa ajili ya sanaa za mikono kinapaswa kwenda na majina ya wanunuzi na tarehe za shughuli zao, si sampuli peke yake. Maofisa wanaopitisha maombi wangewatendea haki wakopaji kama wangeuliza swali moja kabla ya yote: nani amekubali kununua?

Nafasi moja kubwa ilikwisha kupita. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, kila mwenye duka alihitaji mfuko mbadala. Mafundi wangeweza kuijaza nafasi hiyo kwa vikapu na mifuko ya mabaki ya nguo, lakini mifuko laini ya kiwandani ndiyo iliyotawala, kwa kuwa ilipatikana kwa wingi, kwa ukubwa unaofanana na kwa bei moja. Mwenye duka hawezi kufanya kazi na mtu anayeleta mifuko kumi leo na mwezi ujao haonekani.

Wenye maduka nao wana sehemu yao. Wengi hupokea bidhaa za vikundi kwa mali kauli, yaani wanalipa zikishauzwa. Utaratibu huo unamtwisha fundi hasara yote, naye ndiye mwenye mtaji mdogo kuliko wote. Mfanyabiashara anayeona kuwa bidhaa inapendwa na alipe japo nusu ya bei anapopokea mzigo. Kwa upande wake atakuwa na haki ya kudai ubora: mshono ulionyooka, rangi isiyochuja na ukubwa usiobadilika.

Usalama pia ni sehemu ya biashara. Makopo ya viuatilifu hayafai kugeuzwa chombo chochote cha nyumbani, hata yakioshwa mara kumi, na sandarusi za mbolea zisioshewe mtoni wala karibu na kisima. Mteja mmoja akidhurika, soko zima linafungwa.

Wapo watakaosema kizuri chajiuza. Mkoa wa Ruvuma una ushahidi wake kuhusu hilo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora Dar es Salaam kwa kutumia vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, vitu vya bei ya chini kabisa. Picha zake zilipata thamani kwa sababu ya jicho na mkono wake, na kwa sababu aliziuza Oysterbay, walikokuwa wakiishi wageni wenye fedha za kununua. Alifariki mwaka 1972, na wafuasi wake waliunda chama cha ushirika mwaka 1990 ili waendelee kuuza pamoja. Kizuri kilijiuza, lakini kwanza kilipelekwa palipo na mnunuzi.

Kwa mwenye mtaji mdogo anayeifikiria biashara hii, ushauri ni mfupi. Chagua bidhaa moja au mbili, si kumi. Tengeneza tano na uziuze zote kabla ya kutengeneza ya sita. Andika kila shilingi, pamoja na ujira wako wa siku. Kila Februari, wageni wanapofika Songea kuwakumbuka mashujaa wa Vita vya Maji Maji walionyongwa mwaka 1906, jaribu bidhaa ndogo ya ukumbusho inayoingia mkobani, kwa kuwa huo ndio wakati pekee katika miezi ya ukame wa fedha ambapo mji unapata wanunuzi kutoka nje. Baada ya hapo, fungua daftari. Likionyesha kwamba siku ya kazi inalipa chini ya kibarua cha shambani, iache biashara hiyo bila aibu na upeleke mtaji kwingine.